Kuwapiga Picha Wadudu wa Uani: Mwongozo Kamili kutoka Nyumba Moja ya Tabora

Chini ya upenu wa nyumba yetu hapa Isevya, Tabora, mahali ambapo mvua haifiki na mchanga hubaki laini na mkavu mwaka mzima, kuna vishimo vidogo vyenye umbo la faneli ambavyo watoto hupenda kuvichokoza kwa kijiti. Chini kabisa ya kila kishimo amejifukia buu mwenye taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu, akisubiri sisimizi ateleze. Kwa miaka mingi nilipita hapo nikienda kuanika nguo bila kujua kwamba buu huyo hutembea kinyumenyume, kwamba hurusha mchanga kwa kichwa ili kumwangusha sisimizi anayejaribu kupanda, na kwamba mwishowe hugeuka mdudu mwenye mabawa marefu na mororo, anayekuja usiku kwenye taa ya baraza na kudhaniwa kuwa kerengende. Nilivijua hivyo vyote baada ya kulala kifudifudi na simu yangu mbele ya kishimo kimoja kwa asubuhi nne mfululizo.

Mwongozo huu unatokana na ua huo mmoja. Ninaamini kwamba picha nzuri ya mdudu hutokana na kujua tabia yake kuliko ubora wa kamera, na tabia hiyo hujulikana kwa kurudi mahali pale pale tena na tena. Kwa hiyo nitazungumzia kwanza namna ya kutafuta, kwa kirefu, kisha ndipo nitakapofika kwenye vifaa.

Chagua eneo dogo ulizoee

Zunguka ua wako mara moja bila kifaa chochote mkononi, ukitazama penye chakula, penye unyevu na penye maficho. Kwetu chakula kiko kwenye mlimao, kwenye tuta la mchicha na juu ya mwembe. Unyevu uko chini ya bomba linalodondosha matone. Maficho yako kwenye rundo la kuni, kwenye matofali yaliyobaki baada ya ujenzi na ndani ya nyufa za magome. Chagua sehemu moja isiyozidi mita mbili za mraba, uende hapo kila siku kwa robo saa, kwa muda wa wiki mbili. Siku za mwanzo utaona wadudu wawili watatu na kudhani kwamba mahali hapo hapana kitu, lakini jicho likishazoea rangi na umbo la kila jani litaanza kukuonyesha kile ambacho si jani.

Wakati bora ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi. Wadudu wengi hutegemea joto la jua ili misuli yao ifanye kazi, na kwa kuwa Tabora iko kwenye uwanda wa juu, takribani mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai huwa na ubaridi unaowafanya panzi na vipepeo watulie kwenye majani hadi jua liwapate. Adhuhuri wote huwa wepesi, na mwanga wa utosini hutoa picha zenye weusi mzito chini na weupe uliopauka juu.

Msimu nao una uzito wake. Mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili, na hicho ndicho kipindi cha wingi. Hata hivyo kiangazi kisidharauliwe, kwa sababu ndipo miembe inapotoa maua, na mwembe wenye maua ni kama soko: nyuki, nyuki wadogo wasiouma, nyigu na hasa nzi wa aina nyingi, ambao ni miongoni mwa wachavushaji muhimu wa mti huo. Tabora ni mji wa miembe na wa asali, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu hatujawahi kusimama chini ya mwembe uliochanua tukahesabu ni wageni wangapi wanaofika kwenye shada moja.

Namna ya kutafuta

Geuza majani. Ushauri huu ni mdogo kuutaja, ila wadudu wengi wa uani huishi upande wa chini wa jani, wakijikinga na jua, mvua na ndege. Shika jani kwa kikonyo, uligeuze taratibu bila kulitikisa. Kwenye ncha changa za kunde au pilipili utakuta vidukari wamejipanga, na mara nyingi sisimizi wakipita kati yao. Mtazame sisimizi mmoja kwa makini: humgusagusa kidukari kwa vipapasio vyake, kidukari hutoa tone la maji matamu kwenye ncha ya nyuma ya mwili wake, na sisimizi hulinywa. Karibu na hapo huwapo mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu au wa rangi ya machungwa mwenye madoa meusi, ambaye huwala vidukari hao. Katika urefu wa kidole kimoja unapata mfugaji, mfugo na mwindaji, na mchana wote wa picha.

Kama una mlimao, mndimu au mchungwa, kazi ya mwaka mzima iko tayari. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano, ambaye jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus, hutaga yai mojamoja la mviringo kwenye majani machanga ya miti hiyo. Kiwavi akiwa mdogo ni wa kahawia iliyochanganyika na weupe, akafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndiyo maana ndege humpita. Akikua anabadilika kuwa wa kijani wenye michirizi inayofanana na kivuli cha jani. Ukimgusa kidogo nyuma ya kichwa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali, kisha huzirudisha ndani. Picha ya pembe hizo ni ya sekunde chache, kwa hiyo tayarisha lenzi kwanza, na umguse mara moja tu, kwa maana kila mguso unamgharimu nguvu aliyoikusanya kwa kula.

Hapa nieleze kosa langu. Mwaka wa kwanza nilikata tawi lenye kiwavi wa namna hiyo nikaliweka kwenye chupa ya maji karibu na dirisha, nikitaka mwanga mzuri. Majani yalinyauka kwa siku mbili, kiwavi akashuka kutafuta chakula, na nilimkuta sakafuni amekauka. Tangu hapo sihamishi mdudu kwa ajili ya mwanga, huuhamisha mwanga. Karatasi nyeupe ya daftari ikishikwa upande wa kivuli hurudisha nuru ya kutosha, na kipande cha kitambaa cheupe kikishikwa juu ya jani hulainisha jua kali.

Maji yaliyosimama nayo yana hazina yake. Chukua bakuli jeupe, uchote maji kutoka kwenye ndoo au tairi iliyotelekezwa, uyaache yatulie. Viluwiluwi wa mbu wa jenasi (yaani kundi la aina zinazokaribiana) ya Anopheles, ambao ndio waenezao malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Wale wa Culex huning'inia kichwa kikiwa chini. Tofauti hiyo inaonekana hata baada ya mbu kukomaa: Anopheles akitua ukutani huinua tumbo juu kwa mshazari, Culex hukaa sambamba na ukuta. Ukimaliza kupiga picha, mwaga maji hayo kwenye mchanga mkavu na uifunike ndoo.

Usiisahau stoo. Kwenye gunia la mahindi la msimu uliopita huenda ukamkuta dumuzi, mbawakawa wa milimita tatu hadi nne ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Meksiko, na ambaye mara ya kwanza alitambuliwa barani Afrika katika mkoa wetu huu wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mweke juu ya karatasi nyeupe kando ya rula. Kwa juu kichwa chake hakionekani, kwa kuwa kimeinamia chini ya kifua, na nyuma yake ni kama imekatwa kwa kisu; fukusi wa kawaida, kwa upande mwingine, ana pua ndefu iliyochongoka. Kwa mkulima, picha mbili za namna hiyo zina faida kuliko maelezo ya ukurasa mzima, maana namna ya kuhifadhi mahindi hutegemea ni nani kati yao aliyeingia gunia.

Usiku wa shuka jeupe

Wadudu wengi hawaonekani mchana kabisa. Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, ncha ya chini ikunjwe juu ya ardhi ili wanaoanguka wabaki juu yake, kisha weka taa yenye mwanga mweupe unaoelekea ubuluu nusu mita mbele yake. Taa ya njano huvuta wachache. Usiku unaofaa ni ule wenye joto, usio na upepo wala mwezi, hasa baada ya mvua. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku watakuja nondo wa kila rangi, mbawakawa, vunjajungu wanaokuja kuwinda, na yule mdudu wa vishimo niliyemtaja mwanzoni, ambaye utamtofautisha na kerengende kwa vipapasio vyake virefu vyenye vichwa vinene kama rungu. Vya kerengende ni vifupi kama unywele.

Mwambie jirani kabla hujaanza. Mtu anayezunguka na tochi usiku kando ya ukuta, katika mkoa ambao sungusungu, walinzi wa jadi, wanafahamika vyema, anastahili kujieleza mapema.

Zima taa kabla ya kulala, ukung'ute shuka kwa upole kwenye majani. Ukiiacha hadi alfajiri, kuku watafika kabla yako, na wadudu waliopoteza njia usiku mzima wataliwa hapo hapo.

Kuhusu usalama, mambo ni machache lakini hayana mjadala. Katika mvua huja kwenye taa mdudu mwembamba wa chini ya sentimita moja, mwenye mikanda ya rangi ya machungwa na nyeusi, anayetembea kama sisimizi; yeye hang'ati, bali majimaji ya mwili wake huunguza ngozi akipondwa, kwa hiyo akikutua shingoni mpulize, usimpige kofi, na kama amepondeka osha mahali hapo mara moja kwa sabuni. Unapoinua tofali au gogo, liinue kwa kulivutia upande wako, ili uwazi ufunguke mbali na miguu yako, kwa sababu nge na nyoka nao hupenda maficho yale yale. Usisogeze uso wala pumzi yako karibu na mlango wa mzinga. Siafu wakipita, wapishe.

Simu inatosha

Watu huniuliza kamera gani wanunue, nami huwajibu waanze na simu waliyo nayo. Kwanza ifute lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, kwani mafuta ya kidole ndiyo chanzo cha picha nyingi zenye ukungu. Pili, usivute picha kwa vidole viwili. Kuvuta huko huikuza picha iliyopigwa tayari na kuiharibu, hivyo ni bora usogee mwenyewe, kisha ukate pembeni baadaye. Kamera kubwa ya simu nyingi hailengi vyema kitu kilicho karibu kuliko sentimita nane hadi kumi hivi. Kama simu yako ina hali ya makro itakuruhusu kusogea zaidi, na kama haina, lenzi ndogo ya kubana inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu huifanya ilenge kwa sentimita mbili au tatu.

Gusa skrini juu ya jicho la mdudu na ushikilie kidole hadi simu ifunge ulengaji hapo. Kisha acha kugusa skrini: sogeza mwili wako mbele na nyuma kwa kiasi kidogo sana, ukipiga picha mfululizo, hadi jicho likae sawasawa. Ukaribu ukiongezeka, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno, pengine milimita moja tu, kwa hiyo ni lazima uchague, na chaguo sahihi karibu kila mara ni jicho. Mdudu ambaye miguu yake imefifia lakini jicho linang'aa bado ni hai katika picha. Akiwa kinyume chake hakuna anayemtazama mara mbili.

Tuliza mikono. Kaa chini, egemeza viwiko kwenye magoti, au weka simu juu ya mfuko mdogo uliojazwa mchanga. Teremka hadi usawa wa mdudu badala ya kumpiga kutoka juu, na tazama kilicho nyuma yake: jani lililo mbali hugeuka rangi laini, kijiti kilicho karibu hugeuka mkuki unaomchoma kichwani. Sogea ukiwa umeuelekeza uso kwake moja kwa moja, kwa mwendo wa polepole usiokatika, na uangalie kivuli chako kisimwangukie, kwani panzi hukiogopa kivuli kuliko wewe mwenyewe. Kwa kerengende kuna njia nyepesi zaidi. Akiruka, usimfuate, kaa karibu na kijiti alichokuwa ametua, kwa kuwa mara nyingi hurudi pale pale.

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi aanze na tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 ili kupata kina zaidi, yaani sehemu pana zaidi inayoonekana wazi, kasi ya 1/200 ya sekunde, na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) kati ya 200 na 400, kisha aongeze mwanga wa flashi. Mwanga huo usimpige mdudu moja kwa moja, maana magamba ya mbawakawa hung'aa kama kioo. Mimi hukata kipande cha dumu jeupe la plastiki na kukifunga mbele ya flashi kwa mpira. Mwanga ukipita humo hutawanyika na kulainika. Lenzi ya makro ni ghali, lakini lenzi ya zamani ya milimita 50 ikigeuzwa nyuma-mbele kwa pete maalumu huleta mdudu karibu kwa gharama ndogo, ingawa utalazimika kulenga kwa kusogea.

Kutambua na kuandika

Piga kila mdudu kutoka juu, ubavuni, usoni, na ikiwezekana upande wa ndani wa mabawa, pamoja na picha moja ya mmea aliokutwa juu yake. Hapa uani huruka kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na nyeupe, Danaus chrysippus, ambaye mwili wake una uchungu unaowafanya ndege wamwache. Jike la kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, amefanana naye kiasi cha kumdanganya hata mtu mzima. Tofauti iko kwenye bawa la nyuma: wa kwanza ana madoa meusi kadhaa katikati, mwigaji ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Kwa picha ya upande mmoja yenye bawa la nyuma lililofichika, utaandika jina lisilo lake.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, mmea, hali ya hewa na jambo alilokuwa akilifanya. Kisha unaweza kuweka picha kwenye jukwaa la iNaturalist, lililoanzishwa mwaka 2008, ambako watu wa nchi nyingi husaidiana kutambua viumbe bila malipo. Kwa kuwa picha za nyumbani hubeba alama ya mahali, chagua mpangilio unaoficha eneo halisi la nyumba yako. Usikate tamaa ukipewa jina la jenasi tu, kwani kuna wadudu ambao hawawezi kutenganishwa bila darubini. Buibui nao, wenye miguu minane, si wadudu, lakini jukwaa hilo huwapokea.

Usiku wa kumbikumbi

Nimeuacha mwisho kwa sababu hauji kwa ratiba. Baada ya mvua kubwa za kwanza za msimu, kumbikumbi hutoka kwenye vichuguu kwa maelfu, na kila nyumba huweka beseni la maji chini ya taa ili kuwakusanya kwa ajili ya kukaanga. Nakusihi utenge dakika ishirini kabla ya beseni. Chaji simu mapema, weka lenzi ya kubana mfukoni, na usiwapige wakiwa angani, kwani utapata michirizi tu. Nenda mita chache mbali na taa, mahali palipo na mchanga uliolowa, upige magoti na kuelekeza tochi kwa ubavu ili kila punje ya mchanga itoe kivuli. Huko utawaona wakitua, wakijipinda hadi mabawa yadondoke, kisha jike akitangulia na dume akimfuata nyuma, wakigusana, kwa mwendo wa haraka usionyooka. Hao ndio malkia na mfalme wa kichuguu kijacho. Lenga mbele yao na si juu yao, piga mfululizo, uwafuate kwa magoti hadi wapate ufa ardhini na kuanza kuchimba, mmoja baada ya mwingine, huku mabawa yao yakibaki nyuma juu ya mchanga, yaking'aa kwenye mwanga wa tochi.